Laptopu ya gemu kwa kazi ya safari: ninunue, au mke wangu yuko sahihi?

Shikamoo dada,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Moshono hapa Arusha na mke wangu na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kupiga picha na video za wageni wa safari. Kampuni za utalii hunichukua niende na gari siku nne au tano, Tarangire, Ngorongoro hadi Serengeti. Usiku wa mwisho wageni hulala Arusha mjini au USA River, kesho yake wanapanda ndege KIA. Wakiondoka bila video yao, malipo yaliyobaki yanakuwa ya kudaiana kwa meseji, na wengine hawajibu tena.

Kinachonikwamisha ni kompyuta. Ninayo laptopu ya zamani, Core i5, RAM 8GB. Nikiweka video ya 4K inakwamakwama, na nikirenda (kuitoa video iliyokamilika) dakika tano tu naiacha usiku kucha, asubuhi nakuta imeganda.

Kuna fundi mjini ana laptopu ya gemu iliyotumika nje. Ina kadi ya grafiki ya RTX 3060, RAM 16GB, kibodi inawaka rangi zote. Anataka milioni tatu na laki mbili. Anasema hiyo ni mnyama, nitaediti hata nikiwa ndani ya gari Serengeti. Mimi nina milioni tatu na nusu, nimezikusanya tangu sizoni ianze.

Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema Januari ada ya mtoto inatungoja, kodi ya miezi sita inaisha, halafu mimi nanunua mashine ya magemu. Gemu nalipenda, sitaficha, na machalii wa mtaani wameshaanza kuuliza inafika lini tucheze mpira. Lakini nia yangu ni kazi. Sasa hivi hatuligusi tena jambo hili, kwa sababu kila tukilianza linaishia kwenye ugomvi. Rafiki yangu mwingine naye ananishauri ninunue kompyuta ya mezani, kwamba kwa hela hiyohiyo napata nguvu zaidi.

Naomba uniambie ukweli, dada. Mashine hizi zina uzuri gani na ubaya gani kwa mtu wa kazi kama yangu? Na mke wangu nimwambie nini?

Mpiga picha wa Moshono

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na lile neno la fundi, kwamba utaediti ndani ya gari Serengeti. Si kweli, na ukinunua kwa kuliamini utaumia safari ya kwanza tu.

Laptopu ya gemu inatoa nguvu zake zote ikiwa imechomekwa ukutani, na si vinginevyo. Angalia hesabu. Kadi ya RTX 3060 ya laptopu imetengenezwa kula kati ya wati 60 na 115, hiyo ni kadi peke yake. Ongeza prosesa, ongeza kioo na feni. Ndiyo maana adapta za mashine hizi huandikwa wati 180 au 230, wakati ile ya laptopu yako ya sasa huenda ni ya wati 45 au 65. Betri za laptopu za gemu nyingi zina kati ya wati-saa 60 na 90. Ukiikamua betri ya 90 kwa wati 90, imekwisha ndani ya saa moja. Na hata hiyo saa moja hutaifaidi, kwa sababu betri haiwezi kusukuma umeme mwingi kiasi hicho kwa usalama, kwa hiyo mashine inajipunguza yenyewe mara tu unapochomoa waya. Ukiwa kwenye betri huna kasi wala huna muda.

Utaniambia gari lina tundu la kuchajia. Lina volti 12, na fyuzi yake mara nyingi ni ya ampea 10 hadi 15, yaani wati 120 hadi 180 kwa juu kabisa. Ukichomeka hapo inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) yenye adapta ya wati 230 na kuanza kurenda, fyuzi inakatika, na simu za wageni ndani ya gari zinakosa chaji kwa ajili yako. Inveta kubwa inayofungwa moja kwa moja kwenye betri ya gari ingeweza, ila gari si lako, na sijui mwenye kampuni gani atakubali ukate nyaya za Land Cruiser yake. Kambini nako umeme mara nyingi ni wa sola, unagawanywa kwa taa, friji za jikoni na simu za wageni. Hakuna meneja wa kambi atakayefurahi kukuona umenyonya wati 200 saa tatu mfululizo usiku.

Zipo laptopu za gemu za miaka hii ya karibuni zinazopokea chaji ya USB-C ya hadi wati 100. Muulize fundi kama hiyo yake inapokea. Hiyo inatosha kunakili picha, kuchagua klipu na kuandika, na ungeachana na kubeba lile tofali la chaja porini. Kurenda kwa kasi haitoshi.

Halafu kuna vumbi. Lami unaijua inapoishia, geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo kushuka Serengeti ni vumbi na mtikisiko mpaka geti la Naabi na kuendelea. Laptopu ya gemu hupoa kwa kuvuta hewa nyingi kupitia matundu ya chini na pembeni, na feni zake zinavuta kila kilichomo kwenye hewa hiyo. Vumbi linaganda kwenye mapezi ya kupozea, joto linakosa pa kutokea, na prosesa ikifika karibu nyuzi 100 inajipunguza kasi ili isiungue. Mtu anadhani mashine imechoka kumbe imezibwa. Ikikufikia hali hiyo, usiipeleke kwa mtu wa tairi aipulize kwa kompresa. Hewa ile hubeba maji na mafuta. Fundi aifungue, azuie mapanga ya feni yasizunguke, asafishe kwa brashi laini na hewa kavu, na abadilishe pesti ya joto kama imekauka. Kwa mashine iliyokwishatumika nje ningedai usafi huo ufanyike kabla sijatoa shilingi.

Baada ya hayo yote unaweza kudhani nakukataza. Hapana, mashine hii ina mahali pake katika kazi yako, na mahali penyewe umepataja mwenyewe kwenye barua: usiku ule wa mwisho, Arusha au USA River, wageni wamekwenda kula, wewe una meza, una soketi, una saa sita mbele yako kabla gari la KIA halijaja. Hapo hakuna laptopu ya kawaida itakayoishinda. Kadi ya grafiki ina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, na programu kama DaVinci Resolve huitegemea kadi hiyo karibu kwa kila kitu, kuanzia rangi hadi kurenda. Video inayokesha kwenye Core i5 yako ya RAM 8GB inaweza kuwa jambo la dakika chache. Hutakuwa ukicheza klipu ikikwama na wewe ukikisia kata iko wapi. Utaiona inavyokwenda, utaikata pale inapotakiwa. Kazi yako itakuwa nzuri zaidi, maana mtu anayengoja mashine kila dakika hujikuta anakubali kata mbovu ili amalize.

Uzuri mwingine hausemwi sana madukani. Laptopu nyingi za gemu zinafunguka chini kwa skrubu, na ndani kuna nafasi mbili za RAM na mara nyingi nafasi mbili za SSD, diski isiyozunguka. Leo una 16GB, mwakani unaweka 32GB kwa bei ya RAM tu. Laptopu nyembamba za ofisini nyingi siku hizi RAM yake imechomelewa ubaoni, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Na umeme ukikatika katikati ya kurenda, betri inashika kazi, polepole, lakini faili halipotei.

Hilo ndilo jibu langu kwa rafiki yako wa kompyuta ya mezani. Kwa nguvu ana haki kabisa: hela hiyohiyo ingekupa mashine ya mezani yenye kasi zaidi, inayopoa vizuri, na kila kifaa kikifa kinabadilishwa peke yake. Kama ungekuwa mtu wa studio, ningekwambia umsikilize. Ila mashine ya mezani inahitaji UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), inahitaji kioo chake, na haiwezi kwenda USA River saa mbili usiku kwa boda. Wewe unahama kutoka soketi moja hadi nyingine, na laptopu ya gemu imetengenezwa kwa mtu wa namna hiyo.

Kama kweli kazi yako ingelazimika kufanyika juu ya betri, porini, kila siku, basi ningekupeleka kwa MacBook zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020. Zile hazipunguzi kasi ukichomoa chaja na betri yake inakaa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba huongezi RAM wala diski baadaye, na magemu yake ni machache. Hilo la mwisho mke wako angelipenda.

Sasa tuiangalie mashine ya huyo fundi yenyewe, maana jina RTX 3060 peke yake halikwambii kitu. Nilikutajia wati 60 hadi 115. Mtengenezaji wa laptopu ndiye anayechagua aipe kadi wati ngapi, kulingana na wembamba wa mashine na upoaji wake, na laptopu mbili zenye kadi ya jina moja zinaweza kupishana sana kasi. Ukienda kwa RTX 4060 ndiyo balaa zaidi, kati ya wati 35 na 115. Mwambie fundi afungue NVIDIA Control Panel, kwenye taarifa za mfumo, asome pale palipoandikwa nguvu ya juu ya kadi. Ikiwa chini ya 80, bei ile si yake.

Betri nayo ipimwe. Kwenye Windows unaandika amri ya powercfg /batteryreport, inakuletea ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inabeba kiasi gani. Mashine iliyokaa miaka kwenye chaja muda wote, ikiwa ya moto na betri imejaa asilimia 100, betri yake huwa imechoka hata kama nje inang'aa. Ukishaipata wewe, iwekee ukomo wa kuchaji wa asilimia 80 siku unazofanya kazi nyumbani. Kampuni nyingi zimeweka mpangilio huo kwenye programu zao.

Prosesa ni Intel au AMD? Nauliza kwa sababu ya kamera yako. Kamera nyingi za kisasa za Sony na Canon zinaweza kurekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10 kwa mfumo wa rangi wa 4:2:2. Kadi za RTX 30 na RTX 40 haziufungui mfumo huo, kazi yote inaangukia prosesa, na mtu anabaki anashangaa kwa nini mashine ya mamilioni inakwama kama ile ya zamani. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, zile zenye grafiki ya ndani, zinaufungua, na kadi za RTX 50 zilizotoka mwaka 2025 pia. Kama mashine ya fundi ni AMD na kamera yako inarekodi hivyo, ama badilisha mpangilio wa kamera uwe 4:2:0, ama tafuta mashine nyingine. Wachuuzi wengi hawalijui hili, kwa hiyo usimtegemee akujibu. Chukua memori kadi yako yenye klipu zako mwenyewe, iweke pale dukani, editi nusu saa ikiwa kwenye umeme, renda, sikiliza feni, gusa kibodi inavyochemka. Kisha chomoa waya uone inavyoshuka.

Kioo pia. Laptopu za gemu za bei ya chini hujisifia hezi 144 (mara ambazo kioo hubadili picha kwa sekunde) lakini rangi zake ni hafifu, kijani cha nyasi za Tarangire kinatoka kama kimepauka. Kwa kazi yako tafuta kioo kinachofikia asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha rangi za kioo. Hezi 144 ni raha ya gemu. Taa za kibodi hazina kazi yoyote kwako, wala uzito wake usiuchukulie kirahisi: mashine na chaja yake ni kilo tatu na zaidi begani, juu ya kamera na lenzi.

Umeme wa nyumbani mnalipaje? Kama mnachangia LUKU na wapangaji wenzenu, jambo hili liseme mapema. Mashine ikila wati 200 kwa saa tano, ni uniti moja. Kwa bei ya kawaida hiyo ni kama shilingi 350, si hela ya kuvunja nyumba. Lakini nyumba iliyoko kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa karibu theluthi tu ya bei hiyo, na kazi ya kila usiku kwa mwezi mzima inaongeza uniti 30. Inaweza kuitoa nyumba nzima kwenye kundi hilo, na lawama zote zikaja chumbani kwako. Adapta hizi hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukiwa mdogo hazidhuriki; hatari iko pale unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Chomoa mpaka utulie, au tumia kinga ya umeme.

Nakuja kwa wifi yangu. Kuhusu mashine amekosea, maana si toi. Kuhusu hela na wakati yuko sahihi, na ningependa umwambie hivyo waziwazi. Una milioni tatu na nusu, unataka kutoa milioni tatu na laki mbili, ubaki na laki tatu mbele ya ada na kodi. Na hiyo milioni tatu na laki mbili siyo gharama yote. Utahitaji SSD mbili za nje za kutunzia nakala, zisizo na diski inayozunguka, maana diski ya kuzunguka haipendi barabara ya Naabi. Utahitaji begi, usafi wa feni, na pengine RAM. Hela yako kwa sasa haitoshi, hata kama inaonekana inatosha.

Lipa ada, lipa kodi. Mashine inunue mwezi wa tano, masika, wakati wageni wamepungua na una muda wa kuijua kabla sizoni haijaanza tena. Kati ya sasa na hapo, laptopu yako ya zamani iongezewe RAM ifike 16GB na SSD kama bado ina diski ya kizamani; ni gharama ndogo sana ukilinganisha. Jifunze kutumia proksi, yaani programu inakutengenezea nakala nyepesi za klipu, unaediti hizo, na mwisho inarudisha zile za 4K. Usiku wa mwisho usimpe mgeni 4K ya dakika tano. Mpe ya dakika moja na nusu kwa 1080p, ataiangalia kwenye simu akiwa anasubiri ndege na ataifurahia vilevile. Ile kubwa itumie kwa linki baadaye, baada ya kulipwa.

Na hata ukishanunua mpya, ya zamani usiuze. Ndiyo itakayokwenda porini kunakili memori kadi kila jioni na kuchagua klipu. Ikivuta vumbi au ikidondoka huna hasara kubwa. Ile ya gemu ibaki Moshono, uipitie siku mnarudi, au mtu akuletee hotelini.

Kuhusu gemu, sioni kosa mwanamume aliyekaa siku tano garini akicheza mpira saa moja na marafiki zake. Ila mashine haiwezi kurenda na kucheza vizuri kwa wakati mmoja, zote zinagombea kadi ileile, na feni zikinguruma kwenye nyumba ya vyumba viwili mtoto hatalala. Kubalianeni siku na saa, na machalii waambiwe kabla hawajazoea.

Mazungumzo yenu yanaishia kwenye ugomvi kwa sababu wewe unataja RAM na yeye anataja ada. Chukua daftari, andika safari zote za sizoni hii, pembeni andika ipi ulilipwa papo hapo, ipi ulicheleweshewa, ipi hukulipwa kabisa kwa sababu video haikuwa tayari. Mkae mkalisome pamoja. Akiona kilichopotea ataelewa unachokililia, na wewe ukikuta kilichopotea ni kidogo kuliko ulivyodhani, utajua huna haja ya haraka. Na siku ya kwenda kuijaribu mashine kwa fundi nenda naye. Hela ni yenu wote wawili. Asikie mwenyewe feni zinavyonguruma, na aione video yako inavyotoka.